Kompyuta kuukuu iwe ghala la mafaili la nyumbani: maswali ninayoulizwa kila mara

Chini ya ngazi ya nyumba yetu hapa Dar es Salaam kuna Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya mezani ya mwaka 2012 iliyoingia nchini kwa kontena baada ya ofisi fulani huko Ulaya kuichoka. Haina kioo, haina kibodi, haina kipanya. Ina waya wa umeme na waya wa mtandao, basi. Ndani yake mna picha za familia, video za harusi ninazohariri, vitabu vya watoto na nakala za hati za kiwanja. Kila anayeiona anauliza maswali yaleyale, nami nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba.

Ghala la mafaili maana yake nini? Si ni diski ya nje tu iliyonenepa?

Diski ya nje inamtumikia mmoja: kompyuta iliyochomekwa. Hii inachomekwa kwenye ruta, na kila kifaa cha nyumbani kinaifungua kupitia Wi-Fi kama folda ya kawaida. Mama anaweka picha kutoka kwenye simu, wewe unazikuta kwenye laptopu, watoto wanaziona kwenye runinga. Vile viboksi vizuri vya Synology na QNAP vinavyouzwa kwa kazi hii, ukivifungua ni kompyuta ndogo zinazoendeshwa na Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Wewe unatengeneza kitu kilekile kwenye boksi kubwa zaidi na lenye sura mbaya zaidi.

Itakula bando langu?

Hapana. Nalirudia kwa sababu hakuna anayeniamini mara ya kwanza: hapana. Filamu ikitoka kwenye seva, yaani hiyo kompyuta yako ya mafaili, kwenda kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta kwenda kwenye simu yako, haijatoka nje ya nyumba. Chomoa laini kwenye ruta ujaribu. Mafaili yataendelea kufunguka. Bando linaguswa unapopakua programu na masasisho yake, na unapofungua seva ukiwa mbali na nyumbani.

Tatizo ni kwa wale ambao "mtandao wa nyumbani" ni simu ya baba iliyowashwa hotspoti. Simu ikiondoka na baba, mtandao umeondoka nayo. Nunua ruta, hata ya mtumba. Ruta isiyo na laini bado ni ruta.

Kompyuta yangu ni ya zamani sana. Inafaa?

Pengine inafaa. Kazi ya kugawa mafaili ni nyepesi; prosesa muda mwingi inasinzia. Angalia mambo manne. Kwanza, iwe ya biti 64. Core 2 Duo, zilizoanza kutoka mwaka 2006, zimo. Pili, iwe na soketi za SATA, si zile bapa za IDE zenye waya mpana kama utepe. Tatu, RAM ya GB 4. Ukiwa na 2 utafika, ila kwa kuchechemea. Nne, tundu la mtandao liwe la gigabiti 1 na si la megabiti 100. Hili la nne watu hulipuuza kisha wanarudi kulalamika.

Wakati wa kutafuta ndio huu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama kwenye bodi, na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo kuna mashine nzima, zisizo na ugonjwa wowote, ambazo wenyewe hawazitaki tena. Linux haijali mambo hayo.

Kwa mashine za kabla ya 2011 hivi, jua kwamba bayosi nyingi, yaani ile programu ya kwenye bodi inayoamka kwanza, haziwezi kuwaka kutoka kwenye diski inayozidi TB 2. Hiyo haikuzuii kuweka diski ya TB 4 ya mafaili. Mfumo wenyewe tu ndio ukae kwenye diski ndogo.

Ya mezani au laptopu?

Mimi nilianza na laptopu iliyovunjika kioo, na sijutii. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haishtuki. Inakula umeme kidogo. Haina kelele. Na iliyovunjika kioo huipati kwa bei ya laptopu, unaipata kwa bei ya huruma.

Ubaya ni kwamba ina nafasi ya diski moja, mara chache mbili, na hizo nyingine zitaning'inia kwenye USB. Waya wa USB ukiguswa na mtoto katikati ya uandishi, diski inatoweka na mafaili yanaweza kuharibika. Halafu betri ikichajiwa saa 24 kila siku kwa miaka, huvimba. Ukiona sehemu ya kuwekea kiganja imeinuka, ing'oe betri siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiitupe jalalani.

Kama mafaili yako hayazidi TB 1, laptopu inatosha. Ukivuka hapo, tafuta ya mezani yenye boksi refu, si zile nyembamba zinazobeba diski moja na kujidai.

Umeme itakula kiasi gani?

Hapa tupige hesabu, maana ndipo watu wanapodanganyana. Yangu, ikiwa imetulia na diski mbili ndani, inakula kama wati 40. Wati 40 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 28.8. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, uniti ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Hiyo ni zaidi ya shilingi 10,200 kwa mwezi. Laptopu ya wati 12 ni uniti 8.6, kama shilingi 3,100.

Sasa nisikilizeni vizuri, nyie wa ile bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti. Bei hiyo ni ya uniti 75 za mwezi. Ukizivuka, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuvuka unaweza kuhamishiwa kundi la kawaida. Huko hata uniti za friji na taa zinapanda bei. Nyumba inayotumia uniti 60 ikiongezewa mashine kama yangu, imeshavuka. Kwa nyumba hiyo, jibu ni laptopu.

Namna ya kubana: kama ndani kuna kadi ya picha ya michezo, itoe. Weka diski zilale baada ya dakika 20 bila kazi. Na nani alisema lazima iwake usiku kucha? Yangu inajizima saa sita usiku na kuwaka saa kumi na mbili asubuhi. Bayosi nyingi zina sehemu ya kuweka saa ya kujiwasha.

Diski za mtumba zina shida gani? Si nazo zinafanya kazi?

Kila kitu kwenye seva yangu ni cha mtumba isipokuwa diski, na hilo nililijifunza kwa kulia. Diski ya kwanza niliinunua kwenye duka moja la vifaa vilivyotumika: TB 2, bei ya kutupa, imetolewa kwenye mashine ya kurekodia kamera za ulinzi. Muuzaji akaichomeka, ikaonekana, nikalipa. Miezi mitano baadaye ikaanza kugonga kama mtu anayekung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Ndani yake mlikuwa na video ghafi za harusi mbili, na bibi harusi mmoja alikuwa bado hajakabidhiwa kitu. Sitaki kulisimulia hilo zaidi.

Nilipoisoma taarifa zake baadaye, nikakuta saa 41,000 za kuwaka. Mwaka una saa 8,760. Diski ile ilikuwa imezunguka karibu miaka mitano bila kupumzika kabla haijaja kwangu. Taarifa hizo zilikuwa ndani yake siku zote. Ni mimi ambaye sikuziangalia.

Ukilazimika kununua iliyotumika, nenda na laptopu yenye CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows, na usome kabla hujatoa pesa. Kwenye orodha itakayokuja, angalia namba 5, ambayo ni sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa, 197, sekta zinazosubiri hukumu, na 198, zilizoshindikana kabisa. Zote tatu ziwe sifuri. Muuzaji akikwambia "hiyo moja haina neno", mwachie. Namba 9 ni saa za kuwaka, na hiyo nayo usiiamini kupita kiasi: mwanzoni mwa 2025 iligundulika huko Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, saa zake zimerudishwa sifuri.

Kuna na zile flashi na diski ndogo za "TB 16" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ni uongo mtupu. Ndani mna GB 32 au 64 na programu iliyofundishwa kusema uongo. Ukivuka hapo inaandika juu ya mafaili yako ya mwanzo bila kukwambia. H2testw itakuonyesha ukweli kwa kuijaza yote na kuisoma upya.

Ukinunua mpya, uliza kama inaandika kwa mfumo wa CMR au SMR. Ya CMR huandika njia zake kando kwa kando; ya SMR hupandisha njia za maandishi moja juu ya nyingine kama vigae vya paa, na ukiiandikia mfululizo hukwama. Mwaka 2020 Western Digital ilikutwa imeweka SMR kwenye baadhi ya diski zake za Red, zilizotengenezwa mahususi kwa maghala kama haya, bila kuwaeleza wanunuzi. Kwa kutunza picha na filamu SMR inavumilika. Kwa diski zilizounganishwa kwa RAID, ambayo naieleza sasa hivi, ikimbie.

Nasikia RAID kila mahali. Naihitaji?

RAID 1 ni diski mbili pacha: kinachoandikwa hapa kinaandikwa na pale, moja ikifa nyingine inaendelea. RAID 5 inataka tatu au zaidi. Ni kitu kizuri kwa ofisi ambayo haiwezi kusimama hata saa moja.

Lakini RAID si nakala ya akiba. Mtoto akifuta folda ya picha, inafutika kwenye pacha zote mbili sekunde hiyohiyo. Mwizi akibeba boksi, kazibeba zote. Kwa nyumba yenye diski mbili, mimi nashauri usizifanye pacha. Moja iwe ya kazi, na ya pili ipokee nakala kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, bila kuiruhusu ifute kilichofutwa upande wa kwanza. Ukigundua kesho kwamba folda imepotea, ipo kwenye ya pili. Wajuzi watanibishia. Wabishe tu, mimi ndiye ninayepigiwa simu na majirani saa nne usiku.

Niweke programu gani?

OpenMediaVault. Aliianzisha Mjerumani Volker Theile juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, ni ya bure, inakubali mashine dhaifu, na unaiendesha kwenye kivinjari kama unavyoiendesha ruta. TrueNAS, ambayo zamani iliitwa FreeNAS, ina nguvu zaidi na inatumia ZFS, mfumo unaokagua kila kipande cha faili kama kimeoza. Lakini inataka RAM ya GB 8 kwa kuanzia, na inakutarajia ujue unachofanya. Unraid ni ya kulipia. Anayeijua Linux anaweza kuweka Debian tupu na Samba, akamaliza kwa jioni moja.

Samba yenyewe ndiyo inayoifanya Linux izungumze na Windows kwa SMB, lugha ya Windows ya kugawana mafaili. Aliianza Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa 1992, na ni yeye huyohuyo aliyeshiriki kuandika rsync. Nyumba nyingi zinakula jasho la bwana huyu bila kumjua jina.

Ufungaji wenyewe ukoje?

Si mgumu kuliko kuweka Windows. Unapakua faili la OpenMediaVault, unaliandika kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, unajibu maswali. Kioo na kibodi azima kwa jirani kwa saa moja; baada ya hapo hutavihitaji.

Kabla hujaanza, chomoa diski za mafaili. Zing'oe kabisa, ubaki na ile tu itakayobeba mfumo. Nimeona mtu akifuta picha za miaka tisa kwa kuchagua mstari wa pili badala ya wa kwanza. Mfumo unataka diski yake peke yake, na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 120 inatosha na kubaki. Wengine hutumia flashi. Inawezekana, ila weka ile nyongeza ya kuipunguzia flashi maandishi, la sivyo itachakaa mapema.

Ikishawaka, nenda kwenye kompyuta nyingine, andika anwani yake kwenye kivinjari, ingia kwa jina admin na nywila openmediavault, kisha ibadilishe nywila hiyo kabla hujafanya lolote. Halafu mambo yanakwenda kwa mfuatano: unaitambulisha diski, unaipa mfumo wa mafaili (ext4, usijisumbue), unatengeneza folda ya kushirikiana, unaandikisha watumiaji, unawasha SMB. Kila badiliko linaleta ufito wa njano juu ya ukurasa ukitaka uthibitisho. Usipouthibitisha, hakuna kilichobadilika. Nusu ya simu ninazopigiwa ni za huo ufito.

Mwisho, ingia kwenye ruta uifungie seva anwani moja, tuseme 192.168.1.10, isije ikapewa nyingine wiki ijayo.

Diski yangu ina mafaili tayari, ni ya Windows. Naichomeka hivyohivyo?

Inasomeka, lakini usiifanye makazi ya kudumu. Nakili vilivyomo kwenye diski nyingine, ifomati kwa ext4, virudishe. Kama huna diski nyingine ya kuhamishia, basi huna nakala ya akiba, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Umeme ukikatika je?

Kuna hatari mbili: kukatika na kurudi. Kukatika, ext4 huvumilia. Ina daftari la kuandikia kilichokuwa kikifanyika, na ikiwaka hujisawazisha. Faili lililokuwa likiandikwa sekunde hiyo tu ndilo huenda likapotea. Kurudi ndiko kunakoua pawa saplai, maana umeme hurudi kwa kishindo. Weka UPS, hata ndogo ya VA 650. Itakupa dakika kadhaa, na ikiwa na waya wa USB, seva itajua iko kwenye betri na kujizima kistaarabu. Ukishindwa UPS, weka angalau kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme.

Kisha ingia kwenye bayosi uiambie mashine ijiwashe umeme ukirudi. Kwenye Dell sehemu hiyo imeandikwa AC Recovery.

Hapo nikadhani nimemaliza. Nikasafiri kwenda Tanga, umeme ukakatika nyumbani, ukarudi, seva kimya siku nne. Niliporudi nikachomeka kioo, nikakuta inaniomba nibonyeze F1. Ile betri ndogo ya saa kwenye bodi, CR2032, ilikuwa imekufa, mashine imesahau tarehe, inamngoja binadamu mwenye kibodi. Betri hiyo bei yake ni ya soda. Kwenye kompyuta yoyote ya zaidi ya miaka mitano, ibadilishe siku ya kwanza.

Windows haiioni seva.

Usingoje ijitokeze yenyewe kwenye orodha ya mtandao. Orodha ile ina siku zake. Fungua folda yoyote, na pale juu kwenye anwani andika \\192.168.1.10 kisha gonga Enter. Ikifunguka, iwekee herufi ya diski umalize.

Ikikataa kwa sababu ya mgeni asiye na nywila, ni kweli: Windows za sasa zinazuia kuingia bila jina. Mwandikishe kila mtu kwenye seva, apewe nywila yake. Utakutana na mafundi wanaokwambia uwashe SMB1, toleo la kwanza kabisa la SMB, "ili iende". Usikubali. Kirusi cha WannaCry kilichoenea Mei 2017 kilipitia tundu la humo, na Microsoft ikaacha kuiweka SMB1 kwenye Windows mpya mwaka huohuo.

Mbona inanakili polepole?

Mtandao wa megabiti 100 unatoa megabaiti 11 hivi kwa sekunde. Wa gigabiti 1 unatoa 110. Folda ya GB 500 kwa wa kwanza ni zaidi ya saa 12. Kwa wa pili ni saa moja na robo. Ruta nyingi za laini zina matundu ya megabiti 100, kwa hiyo hata kompyuta yako ikiwa nzuri, mlango ndio mwembamba. Swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano inatibu hilo: chomeka seva na kompyuta yako kwenye swichi, na swichi kwenye ruta.

Waya uwe Cat5e au zaidi, na usiwe ule uliobanwa na fundi kwa meno. Nyuzi mbili tu zikikosa kugusa, unashuka hadi 100 bila kuambiwa.

Seva yenyewe inaweza kuwa kwenye Wi-Fi?

Inaweza. Usifanye.

Nataka kuifungua nikiwa kazini, na kaka yangu yuko Muscat anataka kuona picha.

Ruta za laini hapa kwetu kwa kawaida haziko wazi mtandaoni. Mtoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiona anwani ya nje ya ruta yako inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, umo humo, na zile video za kukufundisha kufungua milango ya ruta hazitakusaidia.

Heri yako. Kufungua milango ndiko kulikowaponza wengi. Juni 2021 wenye vifaa vya My Book Live vilivyokuwa wazi kwenye intaneti waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa. Mwaka huohuo wenye QNAP walifungiwa mafaili yao na kudaiwa fidia.

Tumia Tailscale. Unaiweka kwenye seva, kwenye simu yako na kwenye simu ya kaka, mnakuwa kama mko nyumba moja. Mafaili yanasafiri yamefumbwa kwa WireGuard, na matumizi ya familia ni bure. Lakini kaka aelewe: picha anazofungua yeye zinapakiwa kutoka kwako, kwa bando lako. Mtumie albamu, usimruhusu atazame harusi nzima.

Picha za simu zinaweza kuingia zenyewe?

Ndiyo, na kwa watu wengi hii ndiyo faida kuliko zote. Google Photos ilikoma kuhifadhi bila kikomo tarehe 1 Juni 2021, na GB 15 za bure zinaisha kabla mtoto hajaanza kutembea. Syncthing ni nyepesi: simu ikifika nyumbani, picha zinahamia. Immich inapendeza zaidi, inatambua nyuso na kupanga kwa tarehe na mahali, ila inataka RAM. Fikiria GB 8. Siku za kwanza itahangaisha prosesa kuchambua picha za miaka yote. Iache, itatulia.

Na filamu kwenye runinga?

Jellyfin, ya bure. Shida huja pale runinga isipoielewa aina ya video, seva ikalazimika kuibadilisha papo kwa papo. Intel za kizazi cha 2 na 3 zina kipande cha kubadilisha H.264, lakini H.265, ambayo simu nyingi zinarekodi siku hizi, zinakuja kuisoma kwa wepesi kuanzia kizazi cha 6. Yangu ni ya 3. Nikikutana na H.265 naifungua kwa VLC kwenye runinga, seva inabaki kubeba tu.

Niiweke wapi?

Penye hewa, mbali na jiko, si juu ya friji. Diski isizidi nyuzi 45 kwa mazoea. Ikigusa 50 tafuta feni. Sisi wa pwani tuna unyevu na chumvi, na mguso wa RAM hushika kutu nyembamba usiyoiona. Mashine ikikataa kuwaka, toa RAM, ifute miguu kwa kifutio cha penseli, irudishe. Vumbi lipulizwe kila baada ya miezi mitatu.

Na sisimizi. Wanapenda joto la pawa saplai. Niliwahi kufungua mashine ya rafiki nikakuta mayai yao yamepangwa juu ya bodi kama mchele. Tangu hapo miguu ya meza yangu ina mafuta ya taa kwenye vifuniko vya chupa.

Kama nina nakala kwenye diski ya pili, si nimemaliza?

Hizo diski mbili ziko boksi moja, chini ya ngazi moja, ndani ya nyumba moja. Diski ya tatu, ya nje ya USB, inakaa kwa dada yangu Kigamboni, imefungwa kwa nywila. Mwisho wa mwezi naichukua, naijaza, nairudisha na kilo ya nyama. Na kila nikiichukua nafungua mafaili matano bila kuchagua, kuona kama kweli yanafunguka. Mara moja nilikuta folda nzima ina majina lakini mafaili yana sifuri baiti. Rsync ilikuwa imekwama wiki tatu nyuma na sikusoma barua pepe zake.

Za kubeba si zote. Filamu zipotee tu. Picha, hati na kazi za wateja ndizo zinazosafiri.

Kompyuta yenyewe ikifa, mafaili yangu yatakuwa yamefungwa humo?

La. Ndiyo sababu nakuhimiza ext4 na diski moja moja, bila RAID ya kwenye bodi: diski ya namna hiyo inasomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, hata ile inayowaka kutoka kwenye flashi. Bodi ya mashine yangu ya pili iliungua Jumapili moja mchana. Nikazitoa diski, nikazihamishia kwenye hii 7010, nikachomeka flashi yenye mfumo ileile, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichobadilisha ni anwani kwenye ruta tu, kwa sababu kadi ya mtandao ilikuwa mpya. Maharage yaliyokuwa jikoni yalikuwa bado hayajaiva.